Shati la Kuchomekea

Saa ya kuona wagonjwa ilipokaribia, Pedali alijikokota akakaa wima kitandani, akachana nywele zake, ambazo hazikuwa nyingi, akajipangusa uso kwa kitambaa cha maji, kisha akageukia mlango. Ndivyo alivyofanya jana, na juzi, na siku iliyotangulia juzi. Mlango wa wodi ulikuwa wa kusukuma, na bawaba zake zililia kila mtu alipopita. Waliingia wake wa wenzake. Waliingia watoto wa wenzake, na vikapu, na chupa za chai. Mke wake hakuingia.

"Leo umejipaka na mafuta," alisema dereva wa lori aliyelazwa kitanda cha jirani, nyonga imevunjika, mdomo mzima kabisa. "Kama kuna posa tuambie mapema, tujiandae."

"Namngoja muuguzi wa zamu," Pedali alimjibu. "Yule mkali."

Dereva alicheka mpaka akashika nyonga yake. Pedali naye alicheka, maana kuchekesha watu ndiyo kazi aliyoiweza baada ya ushonaji, lakini macho hayakubanduka mlangoni. Hebu tuliseme sisi, kwa kuwa mwenyewe lilimshinda: mtu mzima yule, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti, hakuwa akiulilia mguu. Alikuwa akimlilia mkewe. Alimtamani kwa namna ambayo kijana angeona haya, na hakujua amrudishe vipi.

Pedali si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya cherehani. Chumba chao cha kushonea kilitazama barabara, na kilikuwa na dirisha mbele na jingine nyuma. Yeye aliiweka mashine yake kwenye mwanga wa mbele, mkewe akaiweka yake kwenye mwanga wa nyuma, kwa hiyo walishona wamepeana migongo. Yeye alishona suruali na makoti, kazi za kwenda mbio, na mguu wake ulipokolea kwenye pedali, wapita njia walidhani mle ndani kuna mashine ya kusaga. Mkewe alishona vifungo, mapindo na maua ya nguo za maharusi, vitu vinavyotaka mkono na subira. Huyo mtaa ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake lilibaki palepale hata nguo yenyewe ikiwa imekuwa tambara la kufutia vumbi.

Kutwa nzima walizungumza bila kutazamana. "Mkasi uko wapi?" "Uko shingoni mwako." "Huyu mteja ana tumbo au amemeza mto?" "Shona, acha tumbo la watu." Mizaha ilitoka upande wa barabarani, majibu makavu yalitoka upande wa uani, na wateja walikaa zaidi ya walivyohitaji ili wasikilize. Jioni walikuwa hoi. Walikula, wakalala. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Miaka ilikwenda tu, binti yao akakua, akawa mwalimu, akahamia nyumba yake, na siku moja Pedali alijikuta hakumbuki mara ya mwisho mkewe kumgusa pasipo kumpima koti. Jambo hilo lilimuuma. Mtu mwingine angesema. Yeye alitunga mzaha kuhusu mteja mwenye tumbo.

Mguu ulianza na maumivu ya kigimbi. Akienda dukani kununua uzi, katikati ya safari nyama ya mguu ilikaza kama imekamatwa na koleo, ikabidi asimame. Kwa kuwa hakutaka kuonekana mgonjwa, alisimama mbele ya duka la simu akijifanya anachagua, mpaka muuza simu akaanza kumwandalia kiti. Mkewe ndiye aliyemburura hospitalini. Daktari wa mishipa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aliwaeleza kwamba mshipa unaopeleka damu mguuni umeziba pajani. Wangempitishia kibomba chembamba cha wavu wa chuma, kinachoitwa stenti, kiupanue mshipa na kubaki humo humo.

Kazi ile ilikwenda vizuri sana. Unyayo ulirudi kuwa na joto siku ileile. Lakini damu ikikuta chuma kigeni hupenda kuganda hapo, kwa hiyo Pedali alianza kuchomwa dawa ya kuzuia isigande, sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo, na wiki kadhaa za mwisho angechomewa nyumbani. Muuguzi alimwita Mama Pindo amfundishe. "Mkiona inawashinda," alisema, "atakuja hapa kila asubuhi tumchome wenyewe." Mama Pindo aliipokea sindano, akaibana ngozi ya mumewe kidogo kwa vidole viwili, akachoma, akatoa. Pedali hakupepesa jicho.

"Umesomea wapi, mama?" muuguzi aliuliza.

"Kwenye hariri," alijibu Mama Pindo, na siku nzima hakuweza kuificha fahari usoni.

Kisha zikaja zile asubuhi. Kabla ya kufungua duka, kabla mtaa haujaanza kelele, mkewe aliingia chumbani na sindano kwenye kisahani, akavuta kigoda, akakaa mbele yake uso kwa uso. Alimwambia apandishe shati. Akakisugua kiganja chake kwenye gauni mpaka kikapata joto, akakiweka tumboni mwa mumewe, akakiacha hapo kidogo, kuizoesha ngozi, alisema. Pedali aliona mvi zilizoanzia karibu na sikio la mkewe, ambazo hakuwa amezijua. Aliona kovu dogo la pasi kwenye kiwiko. Aliisikia pumzi yake. Sindano yenyewe hakuisikia hata kidogo, na ilipotoka alitamani kusema, choma tena. Badala yake alisema, "Fundi, risiti yangu iko wapi?" Mkewe alimpiga kofi jepesi la goti, akaondoka. Pedali alibaki kitandani ameshika pale palipokuwa na kiganja, na akaanza kuisubiri kesho.

Wiki ya pili alama zilitokea. Mwanzoni lilikuwa doa jekundu kuzunguka tundu la sindano, kisha likawa la zambarau, kisha katikati pakawa peusi, pagumu, panauma. Likatokea la pili, na la tatu.

"Mkono wangu umeharibika," alisema Mama Pindo, ameinama karibu kabisa. "Au ni macho. Tazama, nakuchubua."

Mtu mwingine yeyote angeikimbilia hospitali. Lakini hawa walikuwa mafundi cherehani, na fundi cherehani akiona doa pembeni ya tundu la sindano ana mawazo mawili tu: mkono mbaya au ncha butu. Mahameli ikichubuka, hulaumu mkono. Hakuna fundi anayeanza kwa kulaumu uzi, na dawa ile kwao ilikuwa ndiyo uzi. Basi Mama Pindo alibadilisha mahali. Akabadilisha mshazari wa sindano. Akaacha kubana, akarudia kubana. Kila alikohamia, madoa yalimfuata, na kila asubuhi aliingia na kisahani chake akiwa mnyonge zaidi.

"Kesho una kliniki," alimwambia. "Tuwaonyeshe?"

Hapo ndipo Pedali alipofanya lile alilolifanya. Kilichomjia kichwani hakikuwa ugonjwa. Kilichomjia ni maneno ya muuguzi: mkiona inawashinda, atakuja hapa kila asubuhi. Aliiona asubuhi yake ikihamia kwenye benchi la kliniki, mikononi mwa mtu mwenye glavu anayeita majina kwa haraka. Aliona kigoda kikiwa kitupu. Na kwa kuwa alimjua mkewe ndani nje, alijua pa kubonyeza.

"Ukawaonyeshe nini?" alisema. "Waseme Mama Pindo ameharibu kitambaa?"

Asubuhi yake mkewe alimpigia pasi shati jeupe, na Pedali akalichomekea vizuri ndani ya suruali, akakaza mkanda. Wote wawili walijua koti lenye mshono mbaya hufunikwa na bitana, na hakuna mteja aliyewahi kuikata bitana atazame.

Kliniki, mkewe alibaki kwenye foleni ya dawa na yeye akaingia peke yake. Muuguzi alimshika unyayo, akaridhika. Akataka kuona kidonda cha kinena, walipopitishia stenti, na Pedali akalegeza mkanda upande mmoja tu, mkono mwingine umeshikilia shati kama bibi harusi anayevuka dimbwi. "Na tumboni je, panapochomwa? Hakuna shida?"

"Safi kabisa. Fundi wangu ni wa kimataifa."

Muuguzi alicheka, akampa siku ya kwenda kupimwa damu, akamwita anayefuata.

Kabla siku hiyo haijafika, Pedali alikuwa akishona suruali ya sare mguu ukamtoroka. Aliuona upo kwenye pedali, lakini hakuusikia. Akauvua kiatu. Ulikuwa mweupe kama chaki na baridi kama wa maiti, na baada ya muda ukaanza kugeuka buluu. Walipofika hospitalini daktari wa zamu aliona upesi kwamba damu imeganda kwenye mshipa, naye akafanya kinachofanywa: akaamuru dawa ileile ya kuzuia damu kuganda, sasa kwa mpira wa dripu, na kwa wingi. Mguu ukazidi. Maumivu yakawa ya kumfanya mtu mzima aite mama yake aliyekwisha kufa. Ndipo daktari wa mishipa alipofika kutoka chumba cha upasuaji, akamtazama mgonjwa juu hadi chini, akalichomoa shati, akalipandisha.

Akaifunga dripu kwa mkono wake mwenyewe.

"Hizi zilianza lini?"

"Wiki iliyopita," alisema Mama Pindo. "Nilidhani ni mkono wangu."

"Si mkono wako, mama. Ni dawa." Aliwaeleza akiwa anafanya kazi, anaita watu, anaagiza dawa nyingine ya aina tofauti. Mara chache, alisema, mwili wa mtu huichukia dawa hii. Hupigana nayo, na katika vita hivyo zile chembe ndogo za kugandisha damu huvurugwa, zikaanza kushikana zenyewe. Basi dawa iliyoletwa kuizuia damu isigande ndiyo inayoigandisha. Na ukiona imeganda ukaongeza dawa, unamwagia moto mafuta. Dalili moja ni hayo madoa. "Laiti tungeyaona mapema," alianza kusema, akajikata kauli, lakini lilikwishamtoka.

Pedali alisikia laiti ile. Alimwona mkewe akiipokea, peke yake, kifuani. Hapo alipaswa kusema. Alikuwa na maumivu, tumpe hilo, lakini ulimi ulikuwa mzima, na hakusema kitu.

Roho waliiokoa. Mguu haukuokoka.

Siku alipopata nguvu ya kukaa, alikuja dada yake mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio kwa kuwa hazimwi. Redio alisimama miguuni pa kitanda, akautazama mguu uliobaki, akashika kiuno. "Mimi nasema kweli daima. Huyo wifi yangu ndiye aliyekumaliza. Mtu anaona mumewe anaoza tumbo, anafunika! Kila siku anadunga tu, anadunga tu, kama anashona gunia!"

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Pedali aliona aibu, na alipoona aibu alifanya kama alivyofanya maisha yake yote. "Dada, mwache mke wangu," alisema. "Aliona nimenenepa, akanipunguza kilo kidogo."

Dereva wa lori aliangua kicheko. Wagonjwa wengine wakacheka. Hata Redio, pamoja na hasira zake, alicheka. Bawaba za mlango zililia, lakini Pedali hakugeuka kutazama nani anapita. Tangu siku hiyo mkewe hakuonekana tena.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa karibu kuisha binti yake alipoingia, bado ana vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi. Yeye alikuja kila siku baada ya vipindi. Kila siku alileta chakula, na kila siku baba alipouliza "Mama yako?" alijibu kitu kingine: kichwa kinamuuma, amepata kazi ya haraka, kuna mgeni. Leo alikuwa amechoka.

"Mwambie mama yako," Pedali alianza, "mguu wangu umeondoka bila kuaga, yeye asiige tabia hiyo."

"Simwambii."

"Aa, Mwalimu. Atacheka."

"Baba, alikuja." Binti alikaa pembeni ya kitanda, akateremsha sauti kwa sababu ya dereva, ambaye alijifanya amelala huku sikio limesimama. "Siku ile ya shangazi. Alikuwa mlangoni na chupa ya supu. Alimsikia shangazi, akasema moyoni, mume wangu atanitetea. Halafu akakusikia wewe. Akasikia watu wote wanacheka. Chupa aliiacha kwa mlinzi."

Pedali aliivuta shuka mpaka kifuani.

"Mashine zote mbili amezifunika shuka. Wateja anawarudisha. Anasema mkono wake hautachoma kitu tena mpaka anaingia kaburini. Na kila siku namwambia, Mama, daktari amesema si kosa lako, ananijibu kosa ni langu, niliona nikaficha, nilijali sifa zangu kuliko mume wangu." Alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Sasa ukiwa na neno la kumwambia, nipe nimpelekee. Lakini mzaha sibebi."

Lilikuwepo neno. Pedali alilijua tangu siku ya dripu. Mimi ndiye niliyeficha. Lakini akisema niliyeficha, ataulizwa kwa nini, na hiyo kwa nini ndiyo iliyokuwa imemkaa kooni. Kwa sababu nilikuwa naupenda mkono wako. Aliyapima maneno yale kimyakimya na akaona hayamwenei, kama mtu mzima ndani ya sare ya shule. Na angeyapeleka kwa mdomo wa binti yake? Hapana.

"Mwambie... nakuja nyumbani wiki hii," alisema.

"Anajua. Ameshaandaa."

Kweli alikuwa ameandaa. Siku Pedali aliporudi na magongo yake, alikuta kitanda kimesogezwa karibu na mlango wa uani, kiti cha plastiki kimewekwa bafuni, kamba imefungwa ukutani ya kujishikia, kizingiti kimesawazishwa kwa ubao. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na Mama Pindo mwenyewe alikuwa mahali pake pia, jikoni, akiuliza kwa sauti ya kumhudumia mgeni kama chai ina sukari ya kutosha. Alimwita "baba Mwalimu." Hakuwahi kumwita hivyo isipokuwa mbele ya wakwe. Alihamishia godoro lake chumba cha zamani cha binti.

Dawa sasa ilikuwa vidonge, ya aina nyingine, na daktari alikwishawaonya kwamba ile ya zamani asichomwe tena maisha yake yote. Kila asubuhi Mama Pindo aliweka kidonge kwenye kisahani, akakiweka mezani, akakisukuma kwa kidole mpaka kikafika nusu ya meza, halafu akarudi nyuma. Pedali alinyoosha mkono akakichukua. Hospitalini alikuwa amemtamani mkewe kwa umbali wa mitaa na barabara, na umbali huo ulikuwa na nafuu yake, kwani mtu aweza kuulaumu. Hapa alikuwa anamtamani kwa upana wa meza. Alimsikia akifua uani. Alimsikia akipita korido na kandambili. Alijua anapolala, upande gani, na kwamba halali. Mara moja alijidondosha kidogo makusudi wakati wa kuinuka kitini, mzee mzima, ili mkewe aje amshike, na mkewe alimsogezea kiti kingine.

Aliendelea na mizaha, kwa mazoea. Aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole kwamba sasa viatu vitamdumu mara mbili. Majirani walivunjika mbavu. Kila walipocheka, Mama Pindo alitoka nje.

Kisha mchana mmoja, baada ya chakula, alimsikia akifungua kabati. Akasikia sauti ya zipu. Akachukua magongo, akajikongoja mpaka mlangoni pa chumba kile. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni, na mkewe alikuwa anakunja nguo, moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe, kama anavyofungasha mzigo wa mteja.

"Naenda kwa dada yangu," alisema bila kumtazama. "Si ugomvi. Magongo umeshayazoea, na Mwalimu amepata mtu wa kukusaidia, anaanza kesho. Nikae kidogo huko. Hapa kila nikikuona unavyotembea..." Hakumaliza.

Pedali alitafuta neno, na lililokuja mbele, kama kawaida yake, lilikuwa la kuchekesha. Alilikataa. Likaja jingine, akalikataa. Kwa kuwa maneno yalimwishia na mkewe alikuwa amekwishashika mfuniko, alifanya kitu ambacho hata yeye hakukitarajia: aliyaachia magongo yakaanguka kwa kishindo, akajitupa, akakaa juu ya sanduku, juu ya magauni yote yaliyokunjwa.

"Umeumia?" mkewe aliruka. "Una wazimu? Toka hapo!"

"Sitoki." Alikuwa anahema. "Ulipouliza tuwaonyeshe, nani alikataa?"

"Usianze."

"Nani alikataa? Mimi. Na kliniki, wewe ukiwa kwenye foleni, muuguzi aliniuliza mimi, ana kwa ana, tumboni kuna shida? Nikamwambia safi kabisa. Hiyo sijakwambia. Siku ya daktari sikusema. Dada yangu alipokutukana sikusema, nikaleta upuuzi wangu. Umebeba peke yako kitu ambacho ni changu."

Mama Pindo alikuwa amesimama na gauni mkononi. "Ulinisitiri," alisema polepole. "Uliona nitaaibika."

"Hapana. Ningekuwa nimekusitiri ningelala usingizi." Alishika ukingo wa sanduku. "Niliogopa watanihamishia kwao. Kuchomwa. Kwamba nitakwenda kule kila asubuhi na wewe hutakuja tena na kigoda."

"Kigoda?"

"Ulikuwa unakaa mbele yangu. Unaweka mkono." Uso wote ulimwaka moto. "Miaka mingapi hujaniwekea mkono? Nikasema haya madoa ni kitu gani, acha yaume, mradi kesho aje. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Nje mtu alipita na baiskeli, akapiga kengele, akatokomea. Pedali hakuthubutu kuinua macho, kwa hiyo pigo lilimkuta hajajiandaa: gauni lililokunjwa vizuri lilimpiga begani, kisha kichwani, kisha begani tena.

"Mguu!" Mama Pindo alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Mguu mzima! Ungekufa! Ningekuzika, nikaja kukaa humu najiambia nimemuua mume wangu kwa mkono wangu, kumbe, kumbe wewe..." Gauni lilimponyoka. "Unadhani mimi nilikuwa naamka saa hiyo kwa kupenda sindano? Nilikuwa naamka kabla yako, nakaa jikoni na kisahani changu nangoja nikusikie umekohoa. Miaka yote nimekaa nimekupa mgongo nikisikiliza mashine yako, nasema leo atageuka, leo atageuka. Na wewe, tumbo la mteja, tumbo la mteja! Mjinga mkubwa wewe. Si ungeniomba tu?"

Mzaha ulimjia Pedali, mzuri, pengine mzuri kuliko yote aliyowahi kuitunga. Aliuacha upite.

"Naomba," alisema.

"Unaomba nini? Sema."

"Usiende. Ukae na mimi." Sauti ilimkatika. "Uniguse. Hata bila dawa."

Mama Pindo alijipangusa pua kwa kiganja, akamtazama mumewe aliyekaa juu ya nguo zake kama kuku anayeatamia, na hakucheka.

"Basi inuka kwanza, unaniharibia magauni," alisema, akampa mkono. Pedali aliushika, akainuka kwa tabu, akayumba, akasimama sawasawa kwa mguu wake mmoja, na mkewe hakumwachia.